Ratili ya Nyama na Watoto wa Darasa la Sita

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi wa sasa.)



Mwenyekiti aliponiandikia, alisema nichague jambo lolote nitakalo, isipokuwa siasa na mishahara. Kwa mtumishi wa serikali, masharti hayo hayabakizi mengi. Kazi yangu ni mipango ya halmashauri, na mngeweza kutazamia nizungumze juu ya barabara, visima na matundu ya vyoo. Lakini nimechagua kuzungumza juu ya michezo ya kuigiza, ile mikuu ya zamani, na jinsi inavyoweza kupelekwa kwa watoto wa shule za msingi. Nitaeleza kwa nini.

Wenzangu wa mwaka wangu hawajasahau kwamba katikati ya miaka ya 1990, katika ukumbi huu huu, nilisimama mbele ya shule nzima nimevaa khanga. Naona wengine mmeanza kucheka. Tulikuwa tunacheza sehemu ya mahakama katika Mabepari wa Venisi, na kwa kuwa shule yetu ni ya wavulana, ilikuwa lazima mmoja wetu awe Portia. Kura ikaniangukia mimi. Khanga niliazimwa na mke wa mwalimu wetu wa Kiswahili, naye alinionya kwamba ikirudi na wino atanidai. Baadaye, nikiwa Chuo Kikuu, nilisoma kwamba katika London ya Shakespeare wanawake hawakuwa wakipanda jukwaani, na kwamba Portia wa kwanza naye alikuwa mvulana. Nilijisikia nafuu kidogo.

Hadithi yenyewe wengi mnaijua, lakini wadogo zetu huenda hawajaifikia. Bassanio anataka fedha za kwenda kuposa. Rafiki yake Antonio ana mali nyingi, lakini mali yote iko baharini katika majahazi. Basi Antonio anakubali kuwa mdhamini, na fedha zinakopwa kwa Shylock, mkopeshaji, Myahudi, ambaye Antonio amekuwa akimtukana na kumtemea mate hadharani. Ni dukati 3,000 kwa muda wa miezi 3. Shylock hataki riba safari hii. Anataka hati iandikwe kwamba fedha zisipolipwa kwa siku yake, yeye atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Antonio anatia saini. Majahazi hayarudi.

Sisi tuliucheza mchezo ule kwa vichekesho. Tulimcheka Antonio kwa ujinga wake, tukapigiwa makofi, tukaenda kulala. Hakuna mtu aliyetuuliza: je, ingekuwa wewe, ungetia saini?

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtumishi mwenye mke na watoto, mwenzangu mmoja wa ofisini alinijia na karatasi. Alikuwa anakopa mahali, akahitaji mdhamini. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa na haraka. Nikatia saini bila kusoma ukurasa wa pili. Ndugu zangu, majahazi ya mwenzangu hayakurudi. Kwa karibu miaka miwili sehemu ya mshahara wangu iliondoka kila mwezi kabla sijaiona, na mwanangu mkubwa akachelewa kuanza kidato cha tano kwa sababu ya nauli na vifaa. Usiku mmoja, nikipiga hesabu zisizokubali, nilimkumbuka Antonio. Nilikuwa nimesimama katika mahakama ile ile nikiwa na umri wa miaka 16, nimeyasema maneno yote kwa kichwa, na sikuwa nimesikia hata moja.

Ndipo nilipoanza kujiuliza kama tatizo ni kwamba tunawafikia watoto kwa kuchelewa, au ni kwamba tunawafikia vibaya. Leo nadhani ni yote mawili.

Angalieni jinsi tunavyofanya. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Akiwa na miaka 11 au 12 anakijua Kiswahili barabara: anagombana kwacho, anatania kwacho, anadanganya kwacho. Lakini wakati huo tunasema ni mdogo mno kwa michezo mikuu. Tunangoja afike sekondari, ambako lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza, na hapo ndipo tunapomtajia Shakespeare, katika lugha ambayo bado anaitafuta. Akishindwa kuelewa tunasema kitabu ni kigumu. La hasha! Tumempa maji ya kunywa katika kibuyu ambacho bado hajajua kukifungua.

Na vitabu vya Kiswahili tunavyo. Mwalimu Nyerere alitafsiri mchezo wa Julius Caesar, kitabu kikatoka mwaka 1963, naye akiwa Rais. Akaupitia tena, ukatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Litazameni jina hilo. Kwa Kiingereza Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akawataja mabepari, tena wengi. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968, na Tufani mwaka 1969, kisha mwaka 1971 akatupa Mfalme Edipode wa Sophocles, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Mwaka 1969 ndio pia Ebrahim Hussein alipotoa Kinjeketile, mchezo wa vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Huo haukutafsiriwa kutoka popote. Ni wetu, na kwa maoni yangu umekwisha kukaa katika safu moja na hiyo mingine.

Wako wanaosema Shakespeare ni kitu cha mkoloni, tumwache aende zake. Hoja hiyo siidharau. Lakini katika miaka ya 1860, kabla Wajerumani na Waingereza hawajagawana nchi hizi, mmisionari Edward Steere alichapisha Zanzibar, kwa Kiswahili, hadithi chache za Shakespeare alizozitoa katika kitabu cha Charles na Mary Lamb cha mwaka 1807, kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watoto. Hadithi hii ya mkopo wa Venisi ilikuwamo. Kwa hiyo aliingia katika Kiswahili kwanza kama hadithi ya watoto. Sisi ndio tuliomgeuza kuwa swali la mtihani. Na wanaosema watoto hawawezi, nawakumbusha kwamba huko London kwenyewe, yapata mwaka 1600, vilikuwako vikundi vya wavulana watupu vilivyocheza michezo mizito mbele ya watu wazima waliolipa kiingilio.

Sasa nieleze nilichojaribu mwenyewe.

Mwaka 2022 nilichaguliwa katika kamati ya shule ya msingi iliyo karibu na nyumbani kwangu. Mwalimu Mkuu wa shule ile, mama mmoja asiye na maneno mengi, alinisikiliza, akasema, “Darasa la saba usiniguse, wana mtihani. Chukua la sita, Ijumaa, saa nane na nusu mpaka saa kumi. Na wasirudi nyumbani wamechelewa.” Nikapewa watoto 38 na kivuli cha mwembe.

Ijumaa ya kwanza sikuchukua karatasi yoyote. Nilianza kama alivyoanza bibi yangu. Nikasema, “Paukwa!” Wakaitika, “Pakawa!” Nikawasimulia mpaka pale Antonio anapowekewa hati mbele yake, nikanyamaza. Nikauliza, “Ingekuwa wewe, ungetia saini?” Ndugu Mwenyekiti, nimehudhuria vikao vingi vya baraza la madiwani, lakini sijapata kusikia mjadala kama ule. Wako waliosema rafiki ni rafiki. Wako waliosema rafiki wa kweli asingekuomba jambo kama hilo. Mtoto mmoja, ambaye baba yake ni dereva wa lori, aliuliza kama majahazi yalikuwa na bima. Kengele ikalia bila hukumu kutolewa.

Juma la pili waliniuliza ratili ni nini. Nikawatuma kwa babu na bibi zao. Walirudi na jibu sahihi: ni kipimo cha zamani cha dukani, pungufu kidogo ya nusu kilo. Kijana mmoja akasema, “Basi ni kama nusu kilo ya bucha.” Akafikiri kidogo, akaongeza, “Lakini, mwalimu, mwenye bucha hawezi kukata nusu kilo sawasawa kwa mara moja. Akikata huwa imezidi au imepungua, ndiyo maana anaongeza vile vipande.” Nilibaki kimya. Nusu ya hoja ambayo Portia anaitumia kumwokoa Antonio, kwamba akate ratili kamili, isizidi wala isipungue hata kwa uzito wa unywele, mtoto wa darasa la sita alikuwa ameifikia peke yake, kwa sababu hutumwa nyama na mama yake.

Nusu ya pili ya hoja hiyo mnaijua. Hati inataja nyama, haitaji damu. Ikimwagika damu tone moja, Shylock amevunja sheria. Tulipofika hapo, darasa zima lilipiga kelele, “Kausha damu!” Wadogo zetu mnacheka kwa sababu mnalijua jina hilo. Ndilo jina ambalo wananchi wameipa mikopo ya mitaani yenye riba kali, ile inayomfanya mama aamke alfajiri kuficha televisheni kwa jirani. Serikali ilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018 ili wakopeshaji wawe na leseni na wafuate taratibu, lakini watoto wale hawakuhitaji kusomewa sheria. Walikuwa wameyaona magodoro yakitolewa nje.

Kuanzia hapo niliwapa maneno yenyewe ya mchezo, si muhtasari. Kila mtoto alipata mistari minne au mitano katika kipande cha karatasi. Nilidhani maneno magumu yatawatisha. Hayakuwatisha. Mtoto huimba nyimbo za redio ambazo nusu ya maneno hajui maana yake, na hulala usingizi. Kilichowashinda mwanzoni ni kusimama na kusema kwa sauti ya kufika mbali, kwa kuwa wengi wamezoea kuitikia pamoja tu. Basi nikaweka sharti: anayesema asimame kwenye shina la mwembe, na anayesikiliza akae kwenye ngazi za ofisi. Asiposikika, anaanza upya. Baada ya miezi miwili mwalimu wao wa Kiswahili aliniambia kwamba wale waliokuwa wakisoma kwa kuvuta neno moja moja, sasa wanasoma sentensi nzima kwa pumzi moja.

Mpaka hapo mnaweza kudhani kwamba mambo yalikwenda vizuri, na kwamba nimekuja kujisifu. Hapana. Sasa nafika kwenye kosa langu.

Kulikuwa na mvulana mmoja, mfupi, mwenye sauti nzito kuliko umri wake. Alipojaribu maneno ya Shylock, wenzake wote walinyamaza. Nikampa sehemu hiyo siku ile ile, nikajipongeza kwa kuwa na jicho. Sikuuliza lolote juu ya nyumbani kwake. Baada ya majuma matatu, siku moja jioni, mama mmoja alinifuata mpaka kizingitini. Hakukaa. Alisema, “Bwana afisa, nakuheshimu. Lakini unamfundisha mwanangu kunitukana.”

Mama yule ana duka dogo, na hukopesha watu wa mtaani kwa riba. Mtaa mzima ulikuwa unajua isipokuwa mimi. Watoto walikuwa wamekwisha kumpa mwanawe jina. Alikuwa akiitwa Shylock kisimani, akaitwa Shylock uwanjani, na siku moja mtoto mmoja alikuwa ametema mate chini mbele yake, kama tulivyofanya katika mchezo. Mimi ndiye niliyewafundisha kutema.

Nilimwomba radhi. Kisha, kwa kuwa sikujua la kufanya, nilimwomba aje Ijumaa asikilize yeye mwenyewe kabla hajaamua kumtoa mwanawe. Alikuja. Akakaa kwenye ngazi za ofisi, mkono shavuni. Mwanawe akasimama kwenye shina la mwembe, akasema yale maneno ambayo Shylock anamwambia Antonio mapema kabisa katika mchezo, kwamba jana ulinitemea mate na kuniita mbwa, na leo unakuja kwangu kutaka fedha. Akasema na yale mengine ya baadaye, ambapo Shylock anauliza kama yeye si mtu wa kuumia kama watu wengine. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema polepole, kama anayejisemea, “Usiku wakija kukopa wananiita mama. Mchana nikiwadai wananipa jina.” Watoto walimsikia. Hakuna aliyecheka.

Ndugu zangu, sijifanyi kwamba mikopo ile ni mema. Nimeeleza jinsi deni lilivyonitesa mwenyewe. Lakini siku ile niliona kwamba nilikuwa nikiufundisha mchezo kwa jicho moja. Nilikuwa nimewafundisha watoto kuogopa hati, nikasahau kuwafundisha kwamba mtu anayeidai hati hiyo alikuwa ametemewa mate kwanza. Shakespeare aliandika mchezo huu mnamo miaka ya mwisho ya 1590, katika nchi ambayo Wayahudi walikuwa wamefukuzwa tangu mwaka 1290. Venisi kwenyewe walikuwa wametengewa mtaa wao tangu mwaka 1516, na kazi nyingi walikuwa wamekatazwa. Kukopesha ni moja ya chache walizoachiwa. Anayewapa watoto mchezo huu bila kuwaambia hayo, anawapa kisu bila mpini.

Tulibadilisha utaratibu. Kuanzia Ijumaa iliyofuata, hakuna mtoto aliyemiliki sehemu. Kila mmoja alikuwa Shylock kwa zamu, na kila mmoja alikuwa Antonio kwa zamu. Kila mmoja alitemewa mate kwa maneno, maana kutema kwenyewe tulikuacha kabisa, na kila mmoja akashika kisu cha ubao. Siwezi kusema kwamba watoto waliacha kutaniana. Watoto ni watoto. Lakini jina ambalo watu 38 wamelivaa haliwezi tena kumchoma mmoja peke yake.

Likabaki jambo la mwisho, na hili ndilo sijalimaliza mpaka leo. Mnakumbuka hukumu. Shylock anaambiwa awe na huruma, anakataa, kisha sheria inamgeukia. Ananyang'anywa mali, na Antonio, katika masharti yake, anataka Shylock aache dini yake na kuwa Mkristo. Tulipokuwa tukicheza sisi hapa shuleni, sehemu hiyo tuliipita mbio ili tufike kwenye makofi. Lakini darasa lile lina watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, wanakaa dawati moja. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, aliinua mkono. Akauliza, “Mwalimu, walimwambia yeye awe na huruma. Kumlazimisha mtu abadili dini, hiyo nayo ni huruma?”

Nilitazama saa. Nakiri mbele yenu kwamba nilitazama saa nikitumaini kengele italia. Haikulia. Nikamwambia kweli: kwamba sijui Shakespeare alitaka tufikiri nini, kwamba huenda watu wengi wa wakati wake waliiona ni huruma, na kwamba mimi siioni hivyo. Kisha nikamuuliza yeye angehukumu vipi. Akasema, “Angerudishiwa fedha zake alizokopesha, basi. Halafu waombane radhi.” Mtoto mwingine akapinga, akasema aliyetaka kuua hawezi kwenda bure. Wakaendelea. Nami nikakaa chini ya mwembe nikisikiliza, na nikajua kwamba hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika tangu mwanzo, ila sikuwa nimeijua njia.

Siku ya wazazi, mwishoni mwa Septemba, watoto waliucheza mchezo mpaka kwenye hukumu, wakasimama. Yule msichana akatoka mbele, akawauliza wazazi, “Je, hukumu hii ni ya haki?” Mwalimu Mkuu alikuwa ametenga dakika 5 kwa jambo hilo. Wazee walijadiliana mpaka jua likaanza kushuka, na chai ikapoa. Mama yule wa duka alikuwapo, safu ya tatu. Hakusema neno. Lakini juma lililofuata alimtuma mwanawe na mzigo umefungwa katika gunia. Ilikuwa mizani ya zamani ya dukani, ya shaba, yenye sahani mbili. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: “Ile yenu ya maboksi ni aibu.” Mizani hiyo iko shuleni hadi leo, na darasa la sita la kila mwaka linaitumia.

Ndugu Mwenyekiti, naona unanitazama, nami nakaribia kumaliza. Niliyojifunza ni machache, na nayatoa kwa yeyote atakayependa kujaribu.

Kwanza, simulia kabla ya kusoma, na uache hadithi pale ambapo mtu lazima aamue. Pili, wape maneno yenyewe, kidogo kidogo, wayaseme wakiwa wamesimama. Tatu, sehemu ya mtu anayechukiwa isikae kwa mtoto mmoja. Nne, usikimbie swali. Kama hujui, sema hujui.

Na si lazima uwe mchezo huu. Katika Mabepari wa Venisi wenyewe iko sehemu ya makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, ambayo watoto huichukua kama kitendawili. Tufani ina kisiwa na mizimu. Juliasi Kaizari ina hotuba mbili juu ya maiti moja, na mtoto anayezisikia zote mbili hatadanganywa kwa urahisi kwenye mkutano wa hadhara. Kinjeketile inauliza maji yale yalikuwa nini, swali ambalo babu zetu walilipa kwa damu. Sisi watumishi wa serikali tungefaa tucheze Mkaguzi Mkuu wa Serikali, mchezo wa Mrusi Nikolai Gogol uliochezwa mara ya kwanza mwaka 1836 na ambao nao umetafsiriwa kwa Kiswahili; aliyewahi kuona wilaya ikipaka chokaa mawe ya barabarani kabla ya mgeni kufika, hataona ugeni wowote ndani yake. Makbeth na Mfalme Edipode ningewangojea wakue kidogo.

Ninyi wadogo zetu, nina ombi moja kwenu. Iko shule ya msingi ng'ambo ya uwanja wetu wa mpira. Nilipokuwa hapa, tuliifahamu kwa mipira yetu iliyoangukia huko. Nendeni kwa Mwalimu Mkuu wake kwa ruhusa ya Mkuu wenu wa Shule, mwombe saa moja ya Jumamosi. Hamhitaji jukwaa wala mavazi. Mnahitaji mti, na uvumilivu wa kusikiliza. Nawaahidi mtajifunza kuliko watakavyojifunza wao, maana ninyi bado hamjaletewa karatasi ya kutia saini, lakini italetwa.

Na ninyi wenzangu wa zamani: leo asubuhi nilipita maktabani. Mabepari wa Venisi tuliyoitumia sisi bado iko, haina jalada, na katika sehemu ya mahakama kuna doa la wino ambalo nalifahamu. Ni nakala moja tu. Nimeacha nyingine tano kwa mwalimu wa maktaba. Naomba kila mmoja wetu mwenye uwezo aongeze moja, ya huu au ya mchezo mwingine wowote niliotaja, ili wadogo zetu wawe na cha kuchukua wanapovuka uwanja ule.

Ile khanga, kwa wanaotaka kujua, niliirudisha. Ilikuwa na wino. Mama yule aliitazama, akanitazama, akasema ameisamehe deni. Sikuelewa siku ile kwamba nilikuwa nimefundishwa kitu.